Mwenye Kuangushwa Njo Anapiga

Kule Salamabila kila mutu alijua nani iko na muguu. Hata mama wa kuuza maandazi pembeni ya tereni ya mupira angekuonyesha na kidole: ule murefu, mwenye mabega ya kuinama kama mutu anatafuta kitu chini. Lwamba. Jioni, kisha mazoezi, wenzake walikuwa wanatundika bidon ya njano, ile ya kubebea maji, kwenye mti wa juu wa goli, halafu wanamuita. Lwamba anaweka mupira chini, anarudi nyuma kidogo, hakimbii. Anatembea tu, kama mutu anaenda kufunga mulango sababu baridi inaingia. Paf. Bidon chini. Wanacheka, wanatundika tena. Paf. Bidon chini tena.

Sasa sikia ajabu. Ekipe yake, FC Nyundo, ekipe ya wachimba dhahabu, njo ekipe iliyokosa penalti kupita ekipe zote kati ya Kabambare na Kasongo ule mwaka. Zilipita juu, zilipita kando, zingine zilimufikia gardien, mulinda goli, mikononi polepole kama zinamuomba radhi. Na Lwamba hakukosa hata moja. Hakupiga hata moja.

Juu ya nini? Juu ya sheria. Na ile sheria, ni Lwamba mwenyewe aliileta kwenye tereni.

Ni sheria ya shimo. Kule chini, mahali hewa inasukumwa na mashini na mwanga ni ule wa kwenye kipaji cha uso wako tu, watu wanatafuta mushipa, ule mustari wa jiwe nyeupe unaobeba dhahabu. Zamani mutu alikuwa anauona mushipa, mwenye nguvu anakuja anamusukuma, anapiga yeye. Nyundo zikaacha mawe zikaanza kupiga vichwa. Basi wenye mashimo wakapatana. Hakuna aliyeandika, lakini kila mutu anajua: aliyeona mushipa njo anapiga nyundo ya kwanza. Hata kama ni mugeni. Hata kama mukono wake ni wa maji. Hawezi kunyanganywa, na yeye hawezi kuutoa zawadi, sababu mushipa wa zawadi unaita mulima uanguke. Mushipa ukiachwa baridi, mwenye kuupasha moto tena anakuwa mwenyewe. Na kama mwenye mushipa ameumia, bibi yake iko na haki ya kuja kutwanga mawe ya mabaki. Basi, njo sheria yote.

Lwamba alifika Salamabila akitoka Kasongo, mutoto wa wakulima, bado ananuka mihogo. Hakuwa na ndugu pale, hakuwa na mutu wa kumusemea. Na siku moja akauona mushipa nyuma ya miti ya kushikilia udongo. Binamu wa mwenye shimo, mutu wa shingo nene, akamusukuma kando, akainua nyundo. Chef wa shimo akamushika mukono. "Muache. Ameona, apige." Maneno matatu tu. Kwa ule mushipa Lwamba alijenga nyumba ya mabati, kwa ule mushipa alimuoa Jeanine. Sasa mutu kama huyo, umuambie sheria ni mbaya? Angekuangalia kama umetukana mama yake.

Njo vile, matchi ya kwanza ya musimu, kule Kabambare, Katembo akaangushwa ndani ya eneo la gardien. Katembo alikuwa kijana mufupi kutoka upande wa Beni, mbio ya panya, anachimba shimo moja na Lwamba. Arbitre akapiga filimbi, penalti. Ekipe nzima ikamuletea Lwamba mupira. Lwamba akaupokea, akaugeuza mikononi, halafu akaenda kuuweka mbele ya Katembo.

"Mukubwa, mimi sijui hii kazi," Katembo akasema.

"Ni wewe umeangushwa. Ni mushipa wako."

Katembo akapiga. Mupira ukagonga goti la gardien, ukaruka, ukaingia. Lo, kama ule mupira ungetoka ile siku, pengine yote ingeishia palepale. Lakini uliingia. Watu wa Nyundo wakaimba njia yote ya kurudi, juu ya moto, zile pikipiki za kukodi, ndani ya matope: mwenye kuangushwa njo anapiga. Tangu ile siku, penalti ao coup franc, ile faulo ya mbali, yote ikawa mushipa.

Na tangu ile siku Katembo hakutia goli tena. Alikuwa na muguu kama kijiko. Na wale wengine wa mbele, wale wadogo wa mbio, walikuwa vilevile. Anayejua kukimbia na mupira si lazima ajue kuupiga ukisimama. Lwamba yeye alibaki nyuma, kwenye ulinzi, kule hakuna mutu anaangushwa. Mupira uliosimama ulimutii. Mupira wa kukimbia ulimukimbia.

Bruno, entraîneur mwenye kuwafundisha, alikuwa mutu wa Kabambare, hajawahi kushuka shimo. Alichoka.

"Lwamba, nakuomba kama ndugu. Piga wewe."

"Koch, mimi sijaangushwa."

"Hii ni mupira. Hii si shimo."

"Ni watu walewale, koch."

Mara moja Bruno alijaribu kulazimisha. Alisimama pembeni analalamika mupira apewe Lwamba. Kijana aliyeangushwa ile siku hakubishana. Alikaa tu juu ya mupira kama kuku juu ya mayai, mupaka arbitre akamutolea karata ya njano. Halafu akasimama, akapiga, akakosa. Na wenzake hawakumukasirikia. Kesho yake wote wangeshuka kamba moja. Nani alitaka kuwa mutu wa kwanza aliyevunja ile kitu?

Ekipe zingine hazikukawia kuelewa. Vidéo zilizunguka WhatsApp: Katembo anakimbia, anapiga, mupira unapita juu ya goli unaenda kupotea ndani ya shamba la mihogo, na sauti ya mutu mwenye kushika simu inacheka, "Huyu analisha mihogo, hapigi goli." Kuanzia pale kila entraîneur aliwaambia walinzi wake neno moja: waangusheni wadogo, lakini ule murefu musimuguse hata na kucha. Penalti ya Nyundo ikawa mapumziko ya adui. Matchi zenye walipaswa kushinda wakatoka sare. Ukiuliza ni penalti ngapi zilipotea, watu walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Hata vile, Mungu si mwanadamu, walifika matchi ya mwisho na mulango bado wazi kidogo. Kasongo, dhidi ya Mamba, ekipe ya Kasongo. Wakishinda, ni wao wanaenda Kindu kwenye mashindano ya provinsi. Wakitoka sare, ni Mamba.

Kwa wengine Kindu ilikuwa safari, nguo mupya, picha. Kwa Lwamba ilikuwa kitu kingine kabisa. Alikuwa anakohoa. Kile kikohozi kikavu cha vumbi ya mawe, chenye kinaanza asubuhi na kinakungojea usiku. Aliona wakubwa wake wa shimo walivyokwisha nacho, mutu anakauka kama muhindi wenye umesahauliwa shambani. Jeanine alikuwa ameona pia. Alifunga mizigo, akamubeba binti yao Emmanuella, akarudi Kasongo kwa mama yake. "Nitarudi kuwa bibi yako siku utatoka ndani ya udongo," alimuambia. "Mimi sikuolewa na fuko."

Na Iliasi, prezida wa ekipe, munyeji wa Salamabila mwenye kununua dhahabu na mwenye dépôt ya kuwekea mali kule Kindu, alikuwa amemuita kando. "Lwamba, unifikishe Kindu, na mimi nitakuacha kulekule. Natafuta mutu wa kulinda dépôt yangu, mutu mwenye sitamushuku. Wewe, bibi, mutoto. Juu ya ardhi."

"Na kama hatukufika?"

Iliasi akacheka kidogo, si kwa ubaya. Alikuwa mufanya biashara: kitu kinaenda na kitu. "Kama hatukufika, nitamuambia nini mwenye shimo, nikimutolea mutu wake wa nguvu bure?"

Basi Lwamba akabeba ile neno ndani ya kifua, pamoja na vumbi.

Dawa ya zile penalti ilitoka kwa Katembo. Walikuwa wamekaa mudomoni mwa shimo wanakula bukari, ugali wa mihogo, na samaki ya kukausha, uso wote mweupe wa vumbi, macho mekundu. Katembo akasema hivi, kama anawaza tu:

"Mukubwa. Kama mwenye kuangushwa njo anapiga, basi uangushwe wewe."

Watu wakaacha kutafuna.

"Unasema?"

"Koch akupeleke mbele. Ukae palepale, mbele ya gardien, kama mama anangojea maji kwenye robine. Siku moja mutu atakusahau, atakugonga. Sheria haijavunjika."

Mutu akaanza kucheka, wengine wakafuata, mwisho hata Lwamba akacheka, mupaka kikohozi kikamukata. Alipopata pumzi akasema, "Lakini sitajiangusha. Mutu anayejiangusha ameiba mushipa. Niangushwe kweli, ao basi."

Bruno alipoambiwa, alitaka kulia kwa furaha. Aliona ni ujinga, lakini ni ujinga wenye unaelekea upande wake.

Njia ya kwenda Kasongo walipanda moto, wanashuka kusukuma, wanapanda tena, mvua ikiwapiga mugongoni. Walipofika, wenzake walienda kulala shuleni. Lwamba akaenda kwa mama mukwe. Kwenye kiwanja akamukuta Bienvenu, mudogo wa Jeanine, anaosha moto yake ya taxi. Na Bienvenu, lazima nikuambie, alikuwa mulinzi wa Mamba.

"Shemeki, karibu," Bienvenu akasema bila kuacha kuosha. "Nyundo imekuja kugonga nini huku kwetu?"

"Kichwa yako, kama utaipitisha."

"Kichwa yangu ngumu, itavunja mupini. Lakini usiogope, hatutakugusa. Koch wetu amesema Lwamba ni yai. Mwenye kuvunja yai, atalipa kuku."

"Mumejua namna gani?"

"Shemeki, hata vyura wa muto Lualaba wanajua." Akamurushia maji kidogo na vidole. "Kaa kule mbele, starehe. Tutakuletea kiti."

Lwamba akacheka sababu shemeki anachekwa naye, halafu akaingia nyumbani.

Jeanine alimuletea bukari na sombe ya majani ya mihogo, akakaa mbele yake, Emmanuella akapanda mara moja kwenye magoti ya baba. Jeanine akamuacha ale. Halafu akasema, "Kikohozi kimeongezeka, baba Emmanuella."

"Kesho ikienda muzuri, kinaisha. Iliasi ametoa neno."

"Na ikienda mubaya?"

Lwamba akakata bukari kidogo, akamupa mutoto. "Ile sijaiwaza."

"Mimi naiwaza kila siku," Jeanine akasema. Akaondoa sahani.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Mungu. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Watu wa misa na watu wa musikiti wakajaza pembeni zote za tereni, wengine juu ya viti vya baiskeli, simu juu. Udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni.

Mamba hawakukawia. Katembo alipoingia kwa gardien mara ya kwanza, walimukata miguu bila aibu, kama mutu anavuna mutama. Arbitre akaonyesha penalti na walinzi wa Mamba wakaanza kutembea polepole, mikono kiunoni, wakiongea mambo yao. Katembo akaweka mupira. Akamuangalia Lwamba kule nyuma. Lwamba akatikisa kichwa. Katembo akapiga, mupira ukapanda, ukapanda, na Kasongo nzima ikaimba, "Mihogo, mihogo, mihogo."

Sifuri kwa sifuri. Kipindi cha pili kilipokuwa kinaanza kuzeeka, Bruno akapiga miluzi. Lwamba akapanda mbele.

Hapo ungeona kichekesho. Kila mahali alienda, walinzi walimukimbia. Akienda kushoto, wanaenda kulia. Bienvenu akapita karibu yake, mikono juu kama mutu amekamatwa na polisi. "Pita, shemeki, pita, njia ni yako." Watu wakacheka. Lakini Lwamba hakuwa mutu wa mbele. Mipira iliyomufikia ilimuruka muguu, ilimupita kando, na kifua kilikuwa kinapiga filimbi ndani. Aliinama, mikono kwenye magoti, akakohoa, akatema. Alipoinua kichwa aliona, pembeni, kitenge cha kijani cha Jeanine, na mutoto juu ya mabega yake.

Halafu dakika zikiwa zinakwisha, gardien wa Nyundo akapiga mupira murefu, wa kufunga macho. Ukapita juu ya kila mutu. Lwamba akaupokea na kifua, ukaanguka mbele yake ndani ya dimbwi la matope, na ukasimama.

Ukasimama. Mbele ya goli, hakuna mutu, mupira umekaa chini kama ule wa jioni zote, kama bidon iko juu inangojea. Lwamba hakukimbia. Alitembea, ile kutembea yake ya kwenda kufunga mulango. Na Bienvenu, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliiona ile kutembea na akaijua. Yai ao si yai, akajitupa. Mupira tu, alitaka mupira tu, hata adui angekuapia hivyo. Lakini matope yakamubeba, yakamupitisha mupira, yakamuleta na viatu vyote viwili kwenye muguu wa Lwamba wa kuume.

Ile sauti, watu wa pembeni waliisikia. Kama kuni kavu.

Filimbi. Penalti. Kwa muda mufupi watu wa Nyundo walifurahi, Katembo akaruka hewani, mupango umefaulu, Lwamba ameangushwa kweli. Halafu wakaona namna amelala.

Bienvenu alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya kichwa. "Shemeki. Shemeki, sikutaka. Kwa jina la mama, sikutaka."

Muguu chini ya goti ulikuwa unaangalia kando. Mufupa haukutoka nje, lakini mutu yeyote alikuwa anaelewa. Bruno akafika akikimbia, akaangalia, akageuza uso.

"Unatoka," akasema. "Naingiza mwingine. Gardien apige, Katembo apige, yeyote."

Lwamba akawaangalia wenzake. Walikuwa wamemuzunguka, na mupira ulikuwa kati yao, ndani ya matope. Hakuna aliyeinama kuuokota. Mushipa wa zawadi unaita mulima uanguke, na wiki ile walikuwa wote wanarudi chini ya mulima. Macho yao njo yalisema. Kumbe ile sheria aliyoibeba kutoka chini ilikuwa imekuwa kubwa kuliko yeye. Hata angesema sasa "mupige ninyi, mimi naruhusu," nani angesikia? Katembo peke yake akasogea.

"Mukubwa, niachie. Mulima ukitaka kuanguka, uniangukie mimi."

Na Lwamba, hapo chini, aliwaza nini? Aliwaza kile kijiko. Aliwaza mipira yote iliyolala ndani ya mihogo. Aliwaza Kindu, mulango wa dépôt na kiti kando yake, na Jeanine anapika mahali pasipo vumbi. Akisema ndiyo kwa Katembo, Kindu imekwisha, alijua kama alivyojua jina lake. Akipiga yeye, pengine. Muguu ulikuwa bado na joto. Maumivu yalikuwa bado yanakuja, hayajafika yote.

Arbitre akauliza, "Unapiga ao unatoka?"

"Napiga. Muniinue."

Wakamuinua. Katembo akamushika kiunoni mupaka arbitre akamuondoa. Akabaki amesimama juu ya muguu wa kushoto, kama korongo. Kupiga na wa kushoto hakuweza, juu angesimama na nini? Basi ilibaki uleule. Wale waliokuwa wanaimba mihogo walifunga vinywa, na simu zote zilikuwa juu. Gardien wa Mamba aliinua mikono, halafu akaishusha, kama mutu mwenye haya.

Lwamba akaruka na muguu wake mumoja. Akaruka tena. Akautuma ule wa kuume.

Alikuwa chini kabla mupira haujafika. Mupira ulijikokota ndani ya matope, polepole, moja kwa moja kwenye miguu ya gardien. Gardien akainama, akauokota na mukono mumoja, kama mama anaokota kikombe chenye mutoto ameangusha. Akakaa nao, hakujua aufanye nini. Hakupiga mbele mupaka arbitre alipomupigia kelele.

Sifuri kwa sifuri. Mamba wakaenda Kindu.

Kule hospitali waliangalia picha ya mufupa, munganga akaonyesha na kalamu: umevunjika mahali pawili. Hapa ni pale ulipogongwa. Na hapa, hapa juu kidogo, hii ni ya ile kupiga. Ile ya kwanza ingekuwa rahisi, alisema. Hii ya pili njo itakuletea shida. Hakusema Lwamba hatashuka shimo tena. Alimuuliza tu anafanya kazi gani, na aliposikia, akaandika kitu na hakuuliza tena.

Iliasi alikuja kumuangalia, akaweka sukari na sabuni juu ya meza, akakaa, akasema habari za njia na za mvua. Hakutaja Kindu. Lwamba pia hakutaja. Alipoondoka alisahau kumupa mukono.

Wenzake walirudi Salamabila. Vidéo ilizunguka, fupi, haina sauti ya kucheka. Watu waliituma bila kuandika kitu chini yake. Lwamba akabaki kwenye kiwanja cha mama mukwe, muguu umefungwa juu ya kigoda, anahesabiwa kati ya wageni wenye hawaondoki. Bienvenu alikuwa anatoka na moto kabla jua halijachomoza na kurudi wakati watu wamekwisha kula. Walikuwa hawataniani tena.

Mvua kubwa zilipokwisha, Katembo akafika. Alikuwa ameshika kofia mikononi, anaikamua kama nguo yenye maji.

"Kaa," Lwamba akasema. "Unakamua nini, mutoto? Sema."

"Mushipa wako umekuwa baridi, mukubwa."

"Najua. Nani anaupasha moto?"

Katembo akaangalia chini.

"Ni wewe?"

"Walitaka kumupa binamu wa mwenye shimo. Ile shingo nene. Nikasema heri mimi."

Lwamba akasogeza muguu juu ya kigoda. Kuku wakapita kati yao. "Umefanya muzuri," akasema. "Ni sheria."

"Lakini mabaki iko. Mawe madogo yote tumeyaweka kando, hakuna mutu amegusa. Bibi wa mwenye kuumia..." Hakumaliza.

Jeanine alikuwa jikoni, mulango wazi. Alitoka anapangusa mikono kwenye kitenge. "Mawe ni mingi?"

"Kidogo tu, mama Emmanuella. Lakini mutu anaweza kuyatwanga muda murefu."

"Hapana," Lwamba akasema. "Wewe ulisema hutarudi kule."

"Nilisema nitarudi siku utatoka ndani ya udongo." Akamuangalia, akauangalia muguu. "Si umetoka?"

Hakuna aliyecheka. Haikuwa mambo ya kucheka, na haikuwa matusi. Chumvi ilikuwa imekwisha ndani ya ile nyumba, na dawa ya maumivu pia.

Siku ya kuondoka Bienvenu hakutoka mapema. Aliwasha moto, akakaa juu yake, akangojea bila kumuangalia mutu. Yeye njo alikuwa anamupeleka dada yake. Jeanine akafunga mutwangio wa chuma nyuma ya moto, akamubusu mutoto, akaja kuinama mbele ya bwana yake na kitambaa mukononi.

"Nionyeshe namna munafunga."

Lwamba akakipokea. Akakikunja mara mbili, halafu mara ingine, sababu vumbi ya jiwe nyeupe inapita hata penye uzi umebanana. Akamufunga puani na mudomoni, akakaza nyuma ya shingo, akapitisha kidole pembeni kuangalia kama hewa inaingia.

"Usikitoe hata ukiongea," akasema. "Mimi nilikuwa nakitoa."

Jeanine akasema kitu ndani ya kitambaa. Lwamba hakusikia. Alibaki anaona macho yake tu, na macho peke yake hayakumuonyesha kitu. Jeanine akapanda moto, akamushika Bienvenu kiunoni, wakapita kona ya musikiti, wakashika njia ya Kabambare, ile ya kwenda Salamabila.

Emmanuella akaleta bidon ya njano yenye maji, anaikokota na mikono miwili, akaiweka kando ya kigoda. Lwamba akaiangalia muda. Halafu kikohozi kikamushika, na mutoto akangojea kiishe ndipo amupe kikombe.